Somo: Kutafuta neno ndani ya kurasa laki moja za magazeti ya zamani zilizoskaniwa

Kurasa zikifika laki moja, hakuna jicho la kuzimaliza. Akili mnemba itazisoma, ila kazi yote ifanyike kwenye nakala. Picha za asili zisiguswe.

1. Pima nafasi. Ukurasa wa A4 wa nukta 300 kwa inchi, wa vivuli vya kijivu usio wa rangi, una pikseli 2480 kwa 3508, yaani karibu MB 8.7 bila kubanwa. Laki moja ni GB 870. Za rangi ni mara tatu yake. Weka nakala tatu, moja ikae nje ya jengo.

2. Chukua alama ya SHA-256 ya kila faili, yaani msimbo unaokokotolewa na kompyuta kutokana na yaliyomo kwenye faili, uiandike kwenye orodha. Siku alama ikibadilika, ujue faili imeharibika au imeguswa.

3. Soma maandishi kwa Tesseract, programu inayogeuza picha ya maandishi kuwa maandishi ya kutafutika, maana inakijua Kiswahili:

tesseract uk001.tif uk001 -l swa+eng --psm 1 pdf tsv

Tumeweka lugha mbili kwa sababu magazeti yetu yamejaa matangazo ya Kiingereza. Wengi huharibu kwenye --psm, inayoiambia programu ukurasa umepangwaje; 1 huiacha itafute safu yenyewe. Ukiweka 6, programu huuona ukurasa mzima kama fungu moja, hivyo mstari wa safu ya kwanza unaendelezwa na wa safu ya pili, na bei ya pamba inaingia katikati ya tanzia.

4. Jaribu kwanza kurasa 200 za miaka tofauti, zile zilizofifia zikiwemo. Faili ya tsv, yaani jedwali la maneno yaliyosomwa, ina safu ya conf, 0 hadi 100, inayoonyesha programu ina uhakika kiasi gani na kila neno. Ondoa mistari yenye -1, kwani hiyo si maneno na itashusha wastani bure. Ukurasa wenye wastani chini ya 75 apewe mtu ausome.

5. Usiiambie modeli ya lugha "rekebisha tahajia" juu ya matokeo haya. Kamati ya Lugha, iliyosanifisha Kiswahili, iliundwa 1930. Maandishi ya kabla ya hapo yana tahajia zake, na modeli itazifuta, hata majina ya watu itayageuza. Masahihisho yakae kwenye faili yake.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nikitafuta ng'ombe sipati kitu, na ninamwona kwenye picha!
Jibu: Kwa kompyuta, ' na ’ ni herufi mbili. Kwenye faharasa, yaani orodha ya maneno ya kutafutia, zigeuze zote ziwe moja, kisha ingiza pia "ngombe", kwani kialama hicho hupotea kwenye chapa iliyofifia.

Swali: Na barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu?
Jibu: Hapana dada, swa husoma herufi za Kilatini tu. Tumia Transkribus, programu ya kusoma maandishi ya mkono, uifundishe mwandiko huo kwa maneno 5,000 hadi 15,000 uliyoyanakili mwenyewe, kama kurasa 25 hadi 75. Kila mwandishi ana mkono wake, basi changanya miandiko.

Swali: Conf ikiwa 95 nisihakiki?
Jibu: Hakiki, kaka. Mashine inaweza kusoma 1928 ikaandika 1923 bila shaka yoyote. Tarehe na majina yapitie mtu.