Somo: Posho ya anayemuuguza mzazi au mwenzi wake nyumbani hapa Uingereza

Tangu Ramadhani ianze nimelijibu swali hili, kwamba anayemuuguza mtu wake nyumbani anaipataje posho, kwa simu, kwa ujumbe wa sauti, na juzi nimelijibu nikiwa nimekaa mkekani msibani. Naliandika lote hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamrudisha hapa.

Namuuguza baba yangu tangu 2021, alipopata kiharusi kilichomlegeza upande wa kushoto. Ninayoyaandika nimeyapitia mwenyewe. Yanahusu England na Wales. Mlioko Uskochi mna utaratibu wenu, Carer Support Payment, na maombi yake yanakwenda kwingine.

Hatua ya 1: Angalia visa yako. Ikiwa masharti yake yanakukataza fedha za umma, usiombe posho yoyote kati ya nitakazozitaja hapa chini, maana kuomba kunaweza kukuharibia visa. Nenda moja kwa moja hatua ya 6.

Hatua ya 2: Mgonjwa apate posho yake kwanza. Posho yako wewe, Carer's Allowance, inasimama juu ya ya kwake. Aliyefikia umri wa pensheni ya serikali anaomba Attendance Allowance, posho ya mzee anayehitaji msaada, na awe amehitaji msaada kwa miezi sita. Aliye chini ya umri huo anaomba PIP, posho ya mwenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu, na iwe ile sehemu ya mahitaji ya kila siku. Mtoto ana DLA, yaani posho ya ulemavu. Kwa Attendance Allowance, piga simu uombe fomu utumiwe. Ukiirudisha ndani ya wiki sita, siku uliyopiga ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuomba.

Hatua ya 3: Jaza fomu bila "sijambo". Wazee wetu wamelelewa kujibu "sijambo, namshukuru Mungu" hata wakiwa hawawezi kufunga kifungo cha shati. Nilipomuuliza baba kama anahitaji msaada kwenda chooni, alisema hapana. Usiku uleule nilimwamsha saa nane, nikamkalisha ukingoni mwa kitanda, nikamvalisha ndara ya mguu wa kushoto kwa sababu mguu wenyewe hausikii, nikamshika mpaka chooni, nikamngoja mlangoni, nikamrudisha. Kwake yeye huo si msaada, ni mwanawe tu. Fomu haijui hayo. Basi chukua daftari, andika siku saba mfululizo: saa ngapi umeamka, umefanya nini, kimechukua dakika ngapi. Eleza na siku mbaya ilivyo. Usiongeze chumvi, lakini usimfichie mzee aibu kwenye karatasi ambayo kazi yake ni kueleza shida.

Hatua ya 4: Omba Carer's Allowance mtandaoni. Andaa namba yako ya National Insurance (bima ya taifa), ya mgonjwa, na akaunti ya benki. Uwe na miaka 16 au zaidi na umuuguze saa 35 au zaidi kwa wiki. Katika mwaka wa fedha wa 2025/26 posho ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki. Usikae: ukiomba ndani ya miezi mitatu baada ya mgonjwa kukubaliwa posho yake, unaweza kulipwa kuanzia siku ya kwake ilipoanza. Ila kama mgonjwa anaishi peke yake na analipwa nyongeza ya ulemavu mkubwa kwenye Pension Credit yake (fedha ya serikali kwa wastaafu wenye kipato kidogo), tafuta ushauri kabla hujaomba. Wewe ukilipwa, yeye anaweza kuipoteza nyongeza hiyo.

Hatua ya 5: Mshahara wako. Hapa ndipo nilipoanguka mimi, kwa hiyo soma polepole.

Unaruhusiwa kufanya kazi, lakini kuna kikomo. Mwaka wa fedha wa 2025/26 kilikuwa pauni 196 kwa wiki, yaani takriban saa 16 za kima cha chini cha mshahara cha wakati huo, pauni 12.21 kwa saa. Ukiwa ndani ya kikomo unapata posho nzima. Ukikivuka hata kwa senti chache, posho yote ya wiki hiyo imekwenda. Haipungui kidogo kidogo, inakatika.

Januari 2023 nilikuwa nafanya saa 13 kwa wiki kwenye nyumba ya wazee kwa pauni 10 kwa saa. Hiyo ni pauni 130, na kikomo wakati huo kilikuwa 132. Mwajiri akatupandishia hadi pauni 10.40. Nilifurahi, nikamnunulia baba viatu vya kubandika asihangaike na kamba, na sikupiga hesabu. Saa 13 kwa 10.40 ni 135.20. Nikawa nazidi kwa pauni 3.20 kila wiki, kwa wiki 11, mpaka Aprili kikomo kilipopanda kuwa 139. Ziada yote niliyoiweka mfukoni ilikuwa pauni 35.20. Barua iliyokuja kwenye bahasha ya kaki ilinidai posho ya wiki zote 11, pauni 69.70 kila wiki: jumla pauni 766.70. Niliisoma nimesimama jikoni, uji wa baba ukaungua.

Kwa hiyo: siku unayoongezewa mshahara, hata senti kumi kwa saa, kaa chini upige hesabu siku hiyohiyo na utoe taarifa. Ukilipwa kwa mwezi, zidisha kwa 12 ugawe kwa 52, usigawe kwa nne. Shifti za ziada na bonasi zinahesabiwa. Kisha jua vinavyotolewa kabla ya kupima kikomo: kodi, National Insurance, na nusu ya mchango wako wa pensheni. Hili la pensheni sikulijua. Ningekuwa nachangia pauni 7 tu kwa wiki, nusu yake, yaani 3.50, ingetolewa, ningebaki na 131.70, na ile bahasha isingekuja.

Hatua ya 6: Tathmini ya mlezi, yaani ya wewe unayeuguza. Hii wengi hawaijui, na kwangu ina thamani kuliko zile pauni. Chini ya sheria ya Care Act ya 2014, kaunsili (serikali ya mtaa) ya England inapaswa kumfanyia tathmini mlezi yeyote anayeonekana kuhitaji msaada (Wales wana sheria yao inayofanana), hata kama mgonjwa mwenyewe amekataa kufanyiwa ya kwake. Hawaangalii mshahara wako wala saa zako. Na haimo kwenye orodha ya fedha za umma. Piga simu kaunsili useme unaomba "carer's assessment", kwa maneno hayohayo. Mimi niliomba mawili: mtu wa kukaa na baba Jumamosi asubuhi nipate kulala, na mafunzo ya kumnyanyua. Nikapelekwa kwenye darasa la bure la siku moja la walezi wa familia. Uliza darasa kama hilo kwenye kituo cha walezi cha mji wako.

MASWALI

Kisiwani78: Hiyo hela ni shingapi na kama nafanya kazi saa 40 napata?

Jibu: Kiasi kiko hatua ya 4. Saa 40 ziko hatua ya 5. Soma.

Kisiwani78: Nimesoma dada. Je, zile shifti mbili za usiku nisipozitaja, watajua?

Jibu: Watajua. Mwajiri anapeleka taarifa HMRC, mamlaka ya kodi, kila anapolipa mshahara, na taarifa hizo zinaonekana na wanaolipa posho. Hilo sitakusaidia.

Mzalendo: Kwa hiyo siku hizi mtoto analipwa kumuuguza babake? Nyumbani tulifanya bila malipo.

Jibu: Gawa ile 83.30 ya mwaka 2025/26 kwa saa 35. Ni pauni 2.38 kwa saa. Hakuna aliyemfanya babake biashara kwa pauni mbili. Nyumbani kulikuwa na shangazi, jirani, na mtoto wa kutumwa dukani. Hapa niko mimi na baba, na mlango ukifungwa umefungwa.

Mama Zai: Mwanangu, mimi namuuguza mume wangu na tayari napokea pensheni ya serikali. Nimeambiwa hainihusu.

Jibu: Shikamoo mama. Inakuhusu. Pensheni yako ikizidi kiasi cha posho hawatakulipa, lakini omba hivyohivyo. Utapata barua inayosema unastahili ila hulipwi. Usiitupe. Kwa barua hiyo unaweza kuongezewa fedha kwenye Pension Credit, na walionyimwa Pension Credit huko nyuma, safari hii huenda wakaipata. Ukitaka, nipigie Jumapili tuijaze fomu pamoja.

Nesi Mtarajiwa: Nasoma uuguzi muda wote na namuuguza mama. Naweza kuomba?

Jibu: Masomo ya saa 21 au zaidi kwa wiki yanaizuia posho, mdogo wangu. Lakini tathmini ya hatua ya 6 ni haki yako, na mwambie GP, daktari wako wa mtaani, akuandikishe kuwa mlezi. Mlezi mkuu wa mgonjwa anaweza pia kupewa chanjo ya mafua bure.

Kaka Mkubwa: Tuko wawili, mimi na mdogo wangu, tunapokezana kwa mama. Nimepiga hesabu, kila mmoja anatimiza saa 35. Tunaweza kulipwa wote? Na kama haiwezekani, yule wa pili ana haki gani?

Jibu: Swali zuri, na ahsante kwa kupiga hesabu kabla ya kuuliza. Kwa mgonjwa mmoja analipwa mmoja tu, hivyo kaeni mkubaliane. Mwenye mshahara mdogo ndiye aombe. Wa pili naye ana tathmini yake mwenyewe kaunsili. Akiwa ameajiriwa, tangu tarehe 6 Aprili 2024 anaweza kuchukua likizo ya mlezi ya wiki moja kila miezi 12. Haina malipo, lakini ni haki yake tangu siku ya kwanza kazini, na anaweza kuigawa nusu siku nusu siku. Mimi ningezitumia kwa miadi ya hospitali. Na kama hana kazi na anauguza saa 20 au zaidi, aulize kuhusu Carer's Credit, ili miaka yake ya National Insurance isiwe na pengo.

Shifti_Zero: Mimi nadaiwa tangu 2019. Shifti zangu zilikuwa wiki hii nyingi, wiki ijayo hakuna. Nimelipa nusu.

Jibu: Pole sana ndugu yangu. Usikate tamaa na hilo deni. Uchunguzi huru ulioongozwa na Liz Sayce, ripoti yake ilitoka 2025, uligundua kuwa maelekezo ya kukokotoa wastani wa mapato yanayopanda na kushuka yalikuwa na kasoro, na serikali ikakubali kuzipitia upya kesi za aina yako. Tafuta hati zako zote za mshahara za wakati ule, zipange kwa tarehe, uende nazo Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure.

Mama Zai: Nimekuelewa mwanangu. Na huko darasani walikufundisha nini? Mimi mgongo umekwisha.

Jibu: La kwanza, mama, usimvute mkono uliolegea. Bega la mwenye kiharusi linaweza kuchomoka. Mimi nilimvuta baba mkono huo miezi mitatu, alikuwa akikunja uso na mimi nikidhani ni hasira. Mgeuze alale ubavu, shusha miguu yake nje ya kitanda, uzito wa miguu hiyo umsaidie kuinuka kukaa. Nyayo zirudi nyuma ya magoti, ainamishe kifua mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asimame. Wewe kaa upande uliolegea, magoti yako yakunjwe.

Kaka Mkubwa: Kitanda chetu kiko chini mno, hata akiinama hainuki.

Jibu: Waambie kaunsili kwenye tathmini ya mama. Wana miguu ya kuinulia kitanda. Sisi tuliletewa minne, ikapandisha kitanda cha baba, na sasa asubuhi anasimama nikiwa nimemshika kiunoni tu.