Maji kwa wanaokwenda Namugongo

Ndugu zangu mnaokaa kando ya barabara ya Jinja, kabla ya tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, wekeni nje benchi, mtungi wa maji yaliyochemshwa na beseni. Mahujaji wanaoenda Namugongo, karibu na Kampala, walikochomwa moto wengi wa mashahidi hao wa imani ya Kikristo mwaka 1886, hufika miguu imevimba. Wapo wanaotembea kutoka Kenya, na Kiswahili chenu kitawafariji. Msianze na mahubiri. Mwosheni mgeni miguu, muulizeni amebeba ombi gani, mwombe naye kwa ufupi maana bado ana safari. (Mkatoliki au Mwanglikana, usichague.) Akiuliza kwa nini mnamtendea hivi, hapo mwambieni wazi: Mungu alitupenda kwanza. Petro aliagiza tujibu kwa upole. Malengelenge msiyatumbue, yafunikeni kwa kitambaa safi.