Biskuti za Nanaa na Chokoleti katika Joto la Dar es Salaam

Anayeoka biskuti Dar es Salaam mwezi wa Februari anapambana na joto kabla ya jambo jingine lolote. Siagi huyeyuka kabisa ikifika nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, na jiko la nyumba ya Sinza au Temeke saa nane mchana haliko mbali na hapo. Kwa hiyo maelekezo yanayomtaka mtu aiache siagi mezani saa nzima ili ilainike hayatufai sisi. Mara ya kwanza nilipooka biskuti hizi niliyafuata neno kwa neno, na nilichokitoa kwenye oveni kilikuwa pande moja jembamba lililotanda trei nzima, limeungua pembeni na bado bichi katikati. Tangu siku hiyo sioki kabla donge halijakaa kwenye friji likapoa sawasawa, na kazi yenyewe huifanya usiku au alfajiri.

Kwa biskuti 20 hivi utahitaji gramu 180 za unga wa ngano, gramu 140 za siagi halisi isiyo na chumvi, gramu 80 za sukari nyeupe, gramu 80 za sukari ya kahawia, yai moja, nusu kijiko cha chai cha beking soda, robo kijiko cha chumvi, kijiko kimoja cha chai cha vanila, gramu 150 za chokoleti nyeusi na fungu kubwa la nanaa. Usikubali kupewa beking pauda badala ya beking soda, maana pauda itaziumua biskuti zako ziwe kama keki ndogo. Sukari yetu ya dukani mara nyingi ina chembe nene ambazo haziyeyuki upesi ndani ya siagi, hivyo isage kidogo kwenye blenda au itwange kwenye kinu. Usipopata sukari ya kahawia, kwangua sukari guru kwa kikwangulio cha karoti. Binafsi ninaipenda zaidi, kwa kuwa utamu wake una uzito unaokaa vizuri na chokoleti.

Nanaa ndiyo roho ya biskuti hizi, na ndiyo inayoharibiwa na wengi. Yapo majani mabichi yanayouzwa kwa mafungu katika masoko kama Kisutu na Kariakoo, haya tunayoyatia kwenye chai, na ipo ladha ya pipaminti ya chupa inayopatikana katika maduka ya vifaa vya keki. Havilingani. Majani hayo mabichi yana harufu laini na tamu ya kijani, ilhali pipaminti ina mentholi nyingi, kemikali inayoamsha mishipa ile ile ya fahamu inayohisi baridi, ndiyo maana ulimi huona ubaridi ingawa biskuti imetoka motoni. Mimi hutumia vyote viwili: majani kwa harufu, na robo kijiko cha chai tu cha pipaminti kwa ubaridi. Ukizidisha pipaminti, biskuti itanukia dawa ya meno na hakuna kitakachoiokoa. Mafuta ya pipaminti ya kuchua kifua yanayouzwa madukani si chakula, wala yasiingie jikoni.

Harufu ya nanaa hushikwa vizuri na mafuta, kwa hiyo tunaipitisha kwenye siagi. Chambua majani, yaoshe, kisha yakaushe kwa kitambaa safi mpaka yasibaki na tone la maji. Yeyusha siagi kwenye moto mdogo sana, tia majani uliyoyafikicha kwa mkono, funika na uipue mara moja, kwani majani yakikaangika hutoa uchungu. Baada ya nusu saa chuja, ukikamua majani kwa mgongo wa kijiko mpaka yatoe mafuta ya mwisho yenye rangi ya kijani iliyofifia. Weka siagi hiyo kwenye friji kwa dakika 40 hivi, ukiikoroga mara mbili tatu, mpaka ishikamane kama majarini ya kupaka mkate. Sehemu kidogo itakuwa imebaki kwenye majani, na ndiyo sababu tulianza na gramu 140.

Ichape siagi pamoja na sukari zote mbili kwa mwiko kwa dakika 3 mpaka rangi ipauke. Tia vanila na pipaminti, kisha onja sasa hivi kabla ya yai na unga kuingia. Ladha iwe kali kidogo kuliko unavyotaka, kwa sababu unga utaipunguza na moto utaipunguza tena. Ukiridhika, pigia yai, halafu chekecha unga, soda na chumvi humo na uchanganye kwa wepesi, ukiacha mara tu unga mkavu unapotoweka, kwani kuukanda kama wa chapati kutazifanya biskuti kuwa ngumu.

Chokoleti ya vipande vidogo vilivyo tayari si rahisi kuipata kila duka, lakini mche wa kawaida uliokatwa kwa kisu na kuchanganywa kwenye donge ni bora zaidi. Unapokata, vipande vikubwa hubaki kama mbegu za ukwaju na vumbi lake husambaa ndani ya donge, hata kila tonge likawa na madoa yake. Ukiukuta mche una utando mweupe usiwe na wasiwasi. Ni mafuta ya kakao yaliyoyeyuka kwa joto na kuganda tena juu.

Funika donge na uliache kwenye friji saa 2, au usiku kucha. Kisha fanya matonge ya gramu 30, uyapange kwenye karatasi ya kuokea ukiacha nafasi ya vidole vinne kati ya moja na jingine, na uoke kwa nyuzi 180 kwa dakika 10 hadi 11. Zitoe kingo zikiwa za hudhurungi na katikati pakiwa bado panaonekana pabichi, kwa sababu zinaendelea kuiva juu ya trei ya moto. Usiziguse kwa dakika 5.

Asiye na oveni, au aliyekatikiwa umeme, atumie jiko la mkaa: sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, sahani ya bati juu ya mchanga, na mfuniko bapa uliopaliwa makaa. Makaa mengi yakae juu na machache chini. Tazama baada ya dakika 8, maana moto wa mkaa hauna kipimo zaidi ya jicho lako.

Hewa ya pwani hulainisha biskuti kwa siku moja, hivyo zikishapoa kabisa zitie kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana. Matonge mabichi yaliyobaki yagandishe kwenye friza. Yatakaa mwezi mzima, na siku ya kuoka yatatoka huko moja kwa moja hadi kwenye oveni, yakiongezewa dakika 2.