Viti vya roshani msimu wa kusi: kuvifunga, kuvitoa na kuvirudisha

Mgeni anafungua mlango wa roshani asubuhi, anakuta sakafu tupu. Jana kulikuwa na viti viwili na meza. Anashuka mapokezi kuuliza, anajibiwa "labda wametoa", au "ngoja aje mtu wa usiku". Nyumba ya wageni yenye majibu hayo haijapungukiwa viti tu. Kiti ambacho hakuna anayejua kilipo kinaweza kuwa stoo, kinaweza kuwa chumba cha jirani, na kinaweza kuwa juu ya paa la gari lililoegeshwa chini.

Maelezo haya ni ya wasimamizi, wahudumu wa vyumba na mafundi wa nyumba za ghorofa zinazotazama bahari, kuanzia Raskazone mjini Tanga hadi Pangani. Mengine yametoka kwenye meli za kitalii, ambako kuna roshani mamia zilizoning'inia juu ya maji na upepo ni wa kila siku. Kule mabaharia wakitarajia upepo mkali huviondoa viti au huvilaza na kuvifunga, na abiria hutangaziwa.

Upepo na kiti

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo la upepo mkali, mara nyingi husema unafikia kilomita 40 kwa saa. Kwa kasi hiyo upepo husukuma kwa nguvu ya karibu kilo 8 kwa kila mita moja ya mraba. Kiti cha plastiki cha kupandanisha kina uzito wa kilo 2 hadi 2.5, na egemeo pamoja na kikalio chake hufika kama theluthi ya mita ya mraba. Kwa hiyo kinasukumwa kwa zaidi ya kilo 2, wakati kwenye vigae vilivyolowa hata kilo moja inatosha kukitelezesha. Kitatembea tu. Kasi ikipanda hadi kilomita 80, nguvu haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Tena upepo hauji sawasawa, huja kwa mikupuo, na kwenye pembe za jengo na ghorofa ya juu huongezeka kasi.

Kiti kikivuka reli ya ghorofa ya tatu, mita 9 juu, hufika chini kwa muda usiozidi sekunde moja na nusu, kikiwa na kasi ya karibu kilomita 48 kwa saa. Aliye chini hapati muda wa kuitwa.

Kosa linaloonekana kila siku ni taulo. Mgeni ametoka kuogelea, analitandaza kwenye egemeo likauke. Hapo kiti kimepandishwa tanga, na watu wa mji wenye jina hilo hawahitaji kuelezwa tanga hufanya nini. Weka kamba ya kuanikia ndani ya roshani, chini ya usawa wa reli, pamoja na vibanio.

Reli kwanza, kiti baadaye

Kabla ya kununua hata bolti moja, chukua futi kamba upime reli kutoka sakafuni hadi juu. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuhusu usalama wa meli za abiria inataka reli isiyopungua inchi 42, yaani karibu sentimita 107. Ni kipimo kizuri hata kwa nyumba. Kisha pima nafasi kati ya nondo na nondo: kitu chenye upana wa sentimita 10 kisipite. Kama nondo zimelala mlalo badala ya kusimama, mtoto ana ngazi tayari. Mwite fundi wa kuchomelea aongeze za wima, au afunge bamba upande wa ndani.

Sasa sogeza kiti kwenye reli. Kikalio kipo sentimita 45 kutoka sakafuni. Ukitoa 45 kwenye 107 unabaki na 62. Mtu mzima aliyesimama juu ya kiti kupiga picha ya machweo anakingwa na reli inayoishia mapajani, chini ya kiuno, na kwa sababu uzito mwingi wa mwili uko juu ya hapo, akiinama mbele kidogo anakwenda na kichwa. Mtoto wa miaka minne, ambaye urefu wake ni kama mita moja, reli ile iliyokuwa juu ya kichwa chake sasa iko tumboni. Anachohitaji ni kupanda tu.

Ndiyo maana kufunga kiti kwenye reli, jambo ambalo wengi hulifanya kwa kuwa ndiyo rahisi, ni kosa. Umekizuia kisiruke, lakini umekiweka pale pale pasipotakiwa.

Kufunga ukutani

Funga kwenye ukuta wa ndani, pembeni mwa mlango, kwa bolti yenye pete, sentimita 30 kutoka sakafuni. Kila kiti kiwe na pete yake. Ukifunga viwili pamoja, mgeni atafungua vyote ili asogeze kimoja.

Kamba ianzie kwenye pete na kuishia kwenye mguu wa nyuma, na urefu wake uamuliwe na kina cha roshani. Mfano: roshani ina kina cha mita 1.5, kiti sentimita 60. Ukiacha kamba ya sentimita 30, kiti kikivutwa mpaka mwisho bado kuna pengo la sentimita 60 kabla ya reli. Roshani ya mita 1.2 haina nafasi hiyo, kwa hiyo kamba isiachwe hata kidogo. Kiti kikae ukutani. Kwa roshani nyembamba kama hizo, baraza ya kujengwa kwa mawe au tofali na saruji, iliyoegemea ukuta, ndiyo dawa. Wazee waliojenga baraza za nyumba za Pangani na Bagamoyo hawakuwahi kukimbizana na viti. Angalia tu isijengwe upande wa reli.

Kamba iwe ya polista ya milimita 6. Nailoni ikilowa hulegea na kurefuka. Waya hukata miguu ya plastiki na kuchuruzisha kutu sakafuni. Na kamba ya mkonge, pamoja na heshima yote tuliyonayo kwa zao lililoujenga mkoa huu, hapa isitumike: ikilowa hubana, ikikauka hulegea, na ikikaa na unyevu huanza kuoza ndani kabla nje haijaonyesha chochote. Hata polista ibadilishwe kila mwaka kabla ya Juni, maana jua huila.

Bolti ndiyo huharibu kazi mara nyingi. Ya kawaida iliyong'arishwa huota kutu ndani ya miezi michache ya chumvi. Nunua ya chuma kisichoshika kutu, daraja la 316. La 304 ni bei nafuu lakini karibu na bahari hupata madoa na vishimo. Toboa kwenye nguzo au boriti ya zege ikiwezekana, vinginevyo katikati ya tofali, si kwenye kiungo. Lipu haihesabiki: kama ina unene wa sentimita 2, hizo ongeza juu ya kina kinachotakiwa. Tumia ukubwa wa biti ulioandikwa kwenye boksi la bolti. Ukimaliza kutoboa, puliza vumbi lote litoke, usugue kwa brashi, puliza tena. Bolti inayozunguka yenyewe ukiikaza, mara nyingi shimo lake lina vumbi au limetobolewa pana. Ikishashika, zungushia silikoni, kisha jaribu: kanyaga ukuta kwa mguu mmoja, shika pete kwa mikono miwili, vuta kwa uzito wako wote. Ikitikisika, toboa pengine.

Sakafu usiitoboe. Maji ya mvua na ya kudekia yataingia, yatafika kwenye nondo, nondo zitavimba kwa kutu na zege litamenyeka kwa chini, yaani juu ya kichwa cha mgeni wa chumba cha chini.

Viti vya msaji, ambao Muheza haina shida nao, ni vizito na havirushwi ovyo. Hata hivyo vifungwe, kwa sababu ya watoto. Meza ya kioo iondolewe kabisa. Kioo hukalia vidude vinne vya raba tu, na upepo ukipita chini yake hukiinua.

Siku ya angalizo

Usingoje kuona minazi inainama. Angalizo likishatoka, anza. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitangazwa kabla hakijafika pwani upande wa Mafia, na kazi yote hii kwa nyumba ya vyumba 20 huchukua watu wawili kama saa mbili.

Miavuli ndiyo ya kwanza. Mwavuli wenye upana wa mita 2.5 una karibu mita 5 za mraba; kwa upepo wa kilomita 40 unavutwa kwa karibu kilo 40, na kitako chake cha saruji kinaweza kupinduka. Kisha anza ghorofa ya juu kushuka, na kila ghorofa anza na vyumba vya pembeni. Kwa roshani inayotazama mashariki, kusi huingia kutoka mkono wa kulia, hivyo upande huo utangulie. Plastiki na alumini vyote viingie ndani. Kupandanisha viti kumi na kuviacha roshani si kuvitoa, ni kutengeneza mnara.

Viwekwe stoo au chumba kisicho na mgeni. Kamwe visiwekwe kwenye korido wala ngazini: umeme ukikatika usiku, watu watapita hapo hapo.

Kila kiti kiwe na namba ya chumba chini ya kikalio, kwa rangi ya mafuta: 12-A, 12-B. Kwenye daftari andika chumba, idadi, saa, kilipopelekwa, na jina la aliyetoa. Halafu acha karatasi ndani ya chumba, juu ya kitanda ambapo haiwezi kukosekana:

"Mgeni wetu, viti vya roshani tumeviingiza ndani saa 10 jioni kwa sababu ya upepo. Tutavirudisha ukitulia. Tafadhali funga mlango wa roshani na usianike nguo kwenye reli. Shida yoyote, piga mapokezi."

Bila karatasi hiyo, mgeni atatoa kiti cha chumbani, ambacho hakijafungwa popote, akiweke roshani.

Mito ya viti na moto

Tarehe 23 Machi 2006 meli ya Star Princess ilishika moto ikiwa njiani kwenda Jamaika. Moto ulianzia kwenye roshani, na sigara ndiyo iliyodhaniwa kuwa chanzo. Viti vya plastiki na viambaza vya kutenganisha roshani viliubeba kutoka chumba hadi chumba. Abiria mmoja alikufa. Tangu Julai 2008 kanuni za kimataifa zinataka samani za roshani za meli ziwe zisizoshika moto kirahisi, au pawe na vifaa vya kugundua na kuzima moto.

Kwetu mwenzake wa sigara ni dawa ya mbu ya kuwasha. Ikae kwenye kopo lenye mchanga, sakafuni, si chini ya mto wa sponji. Mito iingizwe ndani kila usiku.

Ukiwa mgeni

Ukisafiri kwa meli ya kitalii ukakuta roshani haina viti, mpigie mhudumu wa chumba. Sababu huwa upepo, matengenezo au kupaka rangi, na pengine kiti kimevunjika. Usiburute cha ndani wala kuchukua cha jirani. Na kama viti vipo lakini mguu mmoja umelegea, sema pia.

Kurudisha

Kabla ya kurudisha, suuza viti kwa maji baridi ya bomba kuondoa chumvi, hasa kwenye skrubu. Kalia kila kimoja na kukitikisa kushoto na kulia. Plastiki yenye unga mweupe ukiikwaruza kwa kucha imeshaliwa na jua. Itapasuka mguu, itupe. Angalia raba za miguu, kaza nati, vuta pete za ukutani. Funga kamba kwanza, ndipo uweke mto. Linganisha namba na daftari, na kama 12-B hakipo, nenda ukaangalie chini ya jengo kabla hujamuuliza mtu.