Jinsi ya kununua Peugeot 304 Cabriolet bila kununua kutu

Kwetu ukitaja Pijo, mtu anakumbuka 504 iliyojaa abiria, au 404 iliyoshinda Safari Rally mara nne katika miaka ya 1960. Pijo ninayoizungumzia hapa ni nyingine kabisa: ndogo, ya viti viwili, paa lake turubai la kukunja, na umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Ilitengenezwa 1970 hadi 1975, na zilizotoka kiwandani zilipita 18,000 kidogo tu. Mimi ni fundi bodi hapa Ufaransa na gari hili nalipenda kwa dhati. Ndiyo maana inaniuma mtu akija gereji na gari zuri kwa macho lakini limeoza ndani.

Hatua ya 1: Jua unachotafuta. Dada yake mkubwa ni 204 Cabriolet ya 1966 hadi 1970, yenye injini ya sisi (cc) 1130. Ya 304 ina sisi 1288. Kuanzia 1972 ikaja 304 S, yenye nguvu zaidi na mkono wa gia ukiwa sakafuni. Za mwanzo gia iko kwenye usukani. Mimi nachagua S, lakini S iliyooza siichukui nikaacha ya kawaida iliyo nzima.

Hatua ya 2: Omba picha za uvunguni kabla ya kusafiri. Muuzaji akikutumia picha za bampa na machweo tu, mwombe tena. Akikataa, baki nyumbani.

Hatua ya 3: Kagua bati. Hapa chukua saa nzima, usione haya. Gari la kawaida hushikwa pia na paa lake. Hili halina, kwa hiyo nguvu imebebwa na sakafu na vizingiti, yaani yale masanduku ya bati yanayopita chini ya milango. Vikioza, gari linapinda katikati.

Anza ukiwa umesimama. Tazama mwanya kati ya mlango na bodi ya nyuma. Unatakiwa uwe sawa juu hadi chini. Ukiwa umebana juu na kuachia chini, gari limeshazama. Kisha piga jeki upande mmoja na ujaribu kufungua na kufunga mlango. Ukikwama, rudisha jeki chini na umuage mwenyewe kwa heshima.

Halafu piga magoti. Inua mazulia, ya miguuni na ya nyuma ya viti. Pitisha sumaku iliyofungwa kwenye kitambaa laini kando ya kizingiti: inaposhindwa kushika, chini ya rangi kuna pati, ule uji mzito wa kuzibia mashimo ya bodi. Gonga kwa mpini wa bisibisi, bati zima linalia, pati inanyamaza.

Niliwahi kuletewa moja nyekundu, rangi mpya inang'aa kama kioo. Mteja alitaka nimrekebishie mlango uliokuwa unakwaruza, basi. Nilipokwangua kizingiti cha kushoto, pati ilikuwa na unene wa kidole, na nyuma yake magazeti yaliyolowekwa gundi yakashindiliwa mahali pa bati. Nilivuta kurasa moja moja, yeye kasimama pembeni hasemi kitu. Kuchomelea vizingiti vyote viwili, kwa kazi iliyonyooka, kunaweza kula fedha kuliko oveholi ya injini.

Usisahau sehemu nne: sakafu ya buti chini ya tairi la akiba, mahali suspensheni ya nyuma inaposhikia, sehemu ya kukalia betri, na miguu ya fremu ya kioo cha mbele. Hiyo ya mwisho ni mbaya sana, kwa sababu fremu ya kioo ni ya cabriolet peke yake.

Hatua ya 4: Injini. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika gusa boneti. Gari lililopashwa moto mapema linaficha mengi. Injini ni ya alumini, na giaboksi iko chini yake, zote zinatumia oili moja. Oili isipobadilishwa kwa wakati, vyote viwili vinaumia, kwa hiyo omba risiti. Fungua kifuniko cha oili: ukiona povu zito la rangi ya maziwa, huenda gasketi ya silinda hedi imekwisha. Kwenye rejeta kuwe na maji maalumu ya kupozea yenye rangi, si maji matupu ya bomba, maana yanakula alumini. Barabarani, rudi gia ya pili kutoka ya tatu na usikilize kama inasaga. Mwisho acha injini iungurume hadi feni ishike yenyewe.

Hatua ya 5: Hesabu vile visivyopatikana. Spea za injini na breki si tatizo kubwa, nyingi ni zile zile za 304 yenye paa la bati, na L'Aventure Peugeot, jumuiya ya magari ya kale ya Peugeot huko Sochaux, huuza baadhi. Kazi iko kwenye taa za nyuma, fremu ya turubai na mapambo. Kinachokosekana leo unaweza kukitafuta miaka.

Hatua ya 6: Karatasi. Ufaransa muuzaji anatakiwa akupe kadi ya gari, *carte grise*, aliyoikata mstari na kuandika tarehe na saa ya mauzo. Fomu ya mauzo. Cheti cha kuonyesha gari halina zuio, kisichozidi siku 15. Na ukaguzi wa *contrôle technique* usiozidi miezi sita. Una mwezi mmoja kubadilisha jina. Ukipenda, gari la zaidi ya miaka 30 huweza kupewa kadi ya ukusanyaji, yaani ya magari ya kale, na hapo ukaguzi ni kila miaka mitano. Kama ulipanga kulipeleka Mombasa, fahamu kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane.

Kabla ya kuondoka, dai funguo zote, kisha mwombe muuzaji afungue na kufunga turubai mbele yako, wewe ukitazama mikono yake. Dirisha la nyuma ni la plastiki. Kama siku ni ya baridi, usikunje paa hata ukitamani vipi. Endesha hivyo hivyo hadi nyumbani, usubiri jua lililainishe.