Pigia lakini somea: jinsi ya kupata irabu ya mnyambuliko

Wanafunzi wangu wengi huja na orodha ndefu ya vitenzi walivyokariri. Huwaomba waiweke kando. Upatanifu wa irabu, yaani irabu ya kiambishi kinachonyambua kitenzi kufuata ile iliyo kabla yake, hujifunzwa kwa sikio.

Hatua ya 1. Ondoa a ya mwisho ubaki na mzizi: pig-, som-, kat-, chek-, fung-.

Hatua ya 2. Tazama irabu ya mwisho ya mzizi. Ikiwa ni e au o, kiambishi huchukua e: somea, chekesha, someka. Ikiwa ni a, i au u, huchukua i: katia, pigisha, fungika. Sababu iko mdomoni. Ulimi ukitamka e au o huwa umekaa katikati, nayo i inayofuata hushuka hadi kimo hichohicho. Lugha nyingi za Kibantu hufanya hivi. Kijaluo kina upatanifu wa namna nyingine kabisa, unaotegemea shina la ulimi, kwa hiyo usikipime kwa kanuni hii.

Hatua ya 3. Kauli ya kutendua, yaani ya kugeuza tendo kinyume, ina u: funga, fungua, ziba, zibua, panga, pangua. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kudhani e nayo itaishusha u. Haiishushi. Tega huzaa tegua, wala si “tegoa”. Ni o peke yake yenye uwezo huo: chomeka, chomoa.

Hatua ya 4. Ukipachika kiambishi juu ya kingine, msikilize jirani, usirudi kwenye mzizi. Mfano ninaoupenda ni gombanisha. Mzizi gomb- una o, lakini a ya -an- imekaa kati yake na -ish-, basi i inabaki i. Vivyo hivyo tegua hutoa tegulia, na chomoa hutoa chomolea. Hiyo l ni ya kale; ilidondoka kati ya irabu mbili, na hurudi kitenzi kinaponyambuliwa: nunua, nunulia; toa, tolea. Anayeandika “ondoliwa” hakuitazama o iliyo mbele yake. Sahihi ni ondolewa.

Vitenzi visivyoishia na a huamuliwa na irabu yao ya mwisho: keti, ketisha, rudi, rudisha, samehe, samehesha.

Vya silabi moja ndivyo pekee ninavyowaambia wakariri, maana mzizi wake hauna irabu ya kutazama: la, lisha, fa, fia, nywa, nywesha, nya, nyesha.