Somo: Kuwa Admini wa Grupu la Wenye Magonjwa Sugu Bila Kujigeuza Daktari

Haya, wale mlioniandikia pembeni mkitaka kuanzisha grupu lenu, somo ndilo hili. Mimi nina lupasi, ugonjwa sugu ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Grupu letu la WhatsApp lilizaliwa kwenye benchi la kliniki hapa Nairobi, tukiwa kumi na mmoja, tumefika alfajiri, daktari hajafika, tunaazimana chaja. Leo tumepita mia mbili. Makosa nitakayoyataja, mengi niliyafanya mwenyewe.

Hatua ya kwanza: jueni grupu ni la ugonjwa gani

Sisi tulichanganya wote. Wiki ya pili mama mwenye mtoto wa selimundu akaandika kwa moyo safi: "Kunyweni maji mengi jamani, maji ndiyo dawa." Kwake ni kweli. Mwili ukikauka, chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu, zikaziba mishipa, na maumivu yakaanza. Lakini humo humo tulikuwa na wazee wawili wa dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine), ambao maji yao hupimwa kwa kikombe kwa kuwa figo haziyatoi tena. Yakizidi hujaa mwilini, hata mapafuni. Mmoja aliniuliza kama sasa aachane na kile kikombe chake. Nilitoka jasho.

Tangu siku hiyo kila ugonjwa una grupu lake, na liko moja la pamoja la salamu na porojo. Katika lile la pamoja, ushauri wowote unaanza na "mimi wa kisukari" au "mimi wa selimundu". Asiyeanza hivyo anafutiwa ujumbe, anaombwa auandike upya.

Hatua ya pili: mlango

Washa ile sehemu ya admini kumkubali kila anayetaka kuingia, na linki isitupwe Facebook. Anayebisha hodi tunamuuliza mambo mawili tu pembeni: unaugua nini au unamuuguza nani, na nani alikuelekeza kwetu. Usidai karatasi za hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na ukishazihifadhi ni mzigo wako. Nilikuwa na daftari la majina na magonjwa. Nilivyolisahau kwenye matatu ya Umoja nikalirudia stejini nikitetemeka (makanga alikuwa amelikalia), nilifika nyumbani nikalichoma. Siku hizi tunahifadhi kitu kimoja tu: namba ya ndugu au rafiki wa kupigiwa dharura ikitokea.

Mwambie mgeni kabla hajaingia kwamba namba yake itaonekana na wote. Si kila mtu anajua. Mwenzetu mmoja wa kifafa alijikuta kundini na jirani wa ofisini, na kabla ya mwisho wa mwezi skrini-shoti ya maneno yake ikawa mezani kwa bosi. Aliyeipiga tulimtoa, lakini kazi ya yule kijana haikurudi.

Hatua ya tatu: pole tele, dawa hapana

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mtu anaandika: "Wenzangu, prednisolone imeniishia, nikae bila hadi mwezi ujao?" Kabla hujafungua simu, watatu wameshamjibu. Sasa, hiyo ni steroidi, na ukimeza steroidi kwa muda, mwili huzembea kutengeneza homoni yake. Ukizikata ghafla unaweza kuanguka, hata ukafa. Admini haandiki "meza nusu nusu". Anaandika: "Usikate ghafla, pigia kliniki yako leo hii," kisha anawageukia wengine: nani anajua duka la dawa karibu na Donholm lililo nazo? Hilo la pili ndilo tunaloliweza kuliko daktari yeyote.

Kusimulia uliyopitia, ruksa. Kumpangia mwenzio kipimo, marufuku. Na hata katika kusimulia, miligramu tunazifuta. Wengine wananiona mkali, lakini msomaji wa saa nane usiku mwenye maumivu halioni neno "mimi", anaiona namba.

Wauza chai za majani na unga wa miujiza hawapewi onyo, wanatolewa. Sichukii dawa za kienyeji. Mamangu alitulea kwa muarubaini. Lakini muarubaini unaweza kushusha sukari, na anayejidunga insulini akiuongezea juu anaweza kuzimia usingizini bila mtu kujua.

Pole nayo ina adabu yake. "Ugua pole" na "utapona tu" ni maneno ya malaria. Mtu aliyeishi na lupasi miaka kumi na tano ukimwambia atapona, anasikia kwamba bado hujamwelewa. Sisi huulizana, "Leo ikoje?" Tulibishana wiki nzima juu ya hili, hadi shosho mmoja akatuma sauti: yeye "ugua pole" yake anaipenda, tumwachie. Tukamwachia.

Hatua ya nne: usiku

Gaweni zamu. Sisi tuko admini sita, wawili kila usiku, kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Dalili za kukimbizwa hospitali ziandikwe kwenye maelezo ya grupu, kwa sababu ujumbe uliobandikwa juu hudondoka baada ya siku 30. Zetu ni hizi. Selimundu: homa ya 38.5 kwenda juu, kifua kuuma na pumzi kukata, upande mmoja wa mwili kulegea ghafla. Kisukari: sukari kubaki chini ya 4 hata baada ya kunywa kitu kitamu, au kutapika huku sukari iko juu. Kifafa: mshtuko unaopita dakika 5 (na jamani, hakuna kumtia kijiko mdomoni). Chini yake kuna mstari mmoja: usingoje grupu likujibu.

Halafu kuna usiku mtu anaandika, "Nimechoka, sitaki tena." Usimtumie aya wala video ya mahubiri. Mpigie. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo kichwani, mara nyingi humtua mzigo. Mwingine wa zamu apigie ile namba ya ndugu au rafiki, mtu afike mlangoni. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana 1199, bila malipo. Zamani wengi walinyamaza wakiogopa polisi, maana kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Waambieni watu.

Hatua ya tano: pesa

Hatuchangi ndani ya grupu. Mwenye bili afungue grupu lake la harambee, admini wawili wamtembelee wodini kwanza, na mchango uende kwenye paybill ya hospitali, si kwa namba ya mtu. Tulishaliwa mara moja.

Hatua ya sita: kifo

Kitatokea. Msitangaze kabla familia haijakubali, na msiharakishe kuitoa namba ya marehemu. Simu mara nyingi hubaki na mtoto wake. Kuna binti aliyesoma grupu letu kimya miezi minne baada ya mamake kwenda, kisha akaandika "asanteni", akatoka mwenyewe. Siku hiyo hatukupiga porojo.

Maswali mliyonitumia (nimeweka mtaa badala ya jina)

Kayole: Dada, kwetu kuna mchungaji anawaombea watu vizuri kabisa, ila juzi alimwambia mmoja aache ARV kama ishara ya imani. Nimtoe?

Mpigie kwanza, kwa heshima zake zote. Mwambie maombi yake yanakaribishwa asubuhi na jioni, lakini neno "acha dawa" halisemwi humo na yeyote. Akirudia, mtoe hata kama ni mchungaji wako. Na yule aliyeambiwa, mtafute leo usikie kama bado anameza.

South B: Mfungo wa Ramadhani ukifika, watu wa kisukari wanatuuliza kama wafunge. Tunajibuje?

Hamjibu, kaka. Mnawakumbusha wamwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi, maana dawa na saa zake huenda zikabadilishwa. Aliyeruhusiwa, kupima sukari hakuvunji saumu. Ikishuka chini ya 3.9 anafungua papo hapo, hata kama adhana ya magharibi imebakisha dakika kumi. Hilo liandikeni kwa herufi kubwa.

Githurai: Kuna mama analalamika kila siku, asubuhi mpaka usiku. Watu wanatoka kimya kimya. Nikimnyamazisha nitaonekana mkatili?

Wanaotoka unawaona wewe admini, kwa hiyo waulize pembeni kama ni yeye kweli. Mimi niliwahi kukisia vibaya. Kisha mpe mama mtu mmoja wa kuongea naye kwa simu, saa moja iliyopangwa kila siku. Wa kwetu alipopata mtu wa kumsikiliza, voisi zilishuka kutoka thelathini hadi tatu. Na mtazame pale anapolalamikia. Wetu alikuwa na kidonda mguuni ambacho sote tulikuwa tumeacha kukisoma.

Rongai: Admini mwenyewe akiugua je?

Anaandika "niko chini", anavuliwa zamu siku hiyo hiyo bila kuulizwa maswali. Mimi nimevuliwa tangu Jumanne, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika haya.